Kura moja ya usiku, na deni lililofuata



Kisha likelemba ya juma lililopita, mama mmoja wa kikundi chetu alitusikilizisha sauti ya binti yake aliyepelekwa Marekani pamoja na wakimbizi. Binti alisema amejifungua salama. Pale maternite hakudaiwa kitu, kwa sababu ana kadi ya matunzo inayoitwa Medicaid. Lakini mwishoni sauti yake ilibadilika. Amesikia kwamba wakimbizi wataondolewa kwenye kadi hiyo, na hajui atafanya nini mtoto akiugua.

Mama akanigeukia: "Mwalimu, ni nani mwenye nguvu ya kuondoa kitu kama hicho? Ni Raisi peke yake?"

Nilimwahidi kujibu katika gazeti letu. Hapa Kivu familia nyingi zina mtoto, dada au shangazi kule, kwa hiyo swali lake ni letu sote. Ili kulijibu vizuri, turudi kwanza kwenye usiku mmoja wa mwaka 2017. Usiku ule matunzo ya mamilioni ya watu yalitegemea kura moja.

Sheria iliyokuwa ikigombaniwa

Wengi wetu tunafikiri kwamba Marekani kila mtu anatibiwa bure. Hapana. Anayefanya kazi, mara nyingi anapata bima kwa njia ya mwajiri wake. Wazee wenye miaka 65 na zaidi wana mfuko wao wa serikali, Medicare. Maskini wana Medicaid, ambayo serikali kuu na majimbo wanailipia pamoja. Medicaid peke yake inalipia karibu uzazi 4 kwa kila 10 katika nchi ile kubwa. Anayebaki katikati, asiye na mwajiri wa kumlipia na asiyehesabiwa maskini, anajinunulia bima mwenyewe.

Zamani hao wa katikati waliteseka sana. Kampuni ya bima iliweza kumkataa mtu kwa sababu ana kisukari, saratani au ugonjwa wa moyo. Iliweza kumkataa mama kwa sababu tayari ana mimba. Katika majimbo mengi mwanamke alilipishwa zaidi kuliko mwanaume wa umri wake, na bima nyingi hazikugusa mambo ya uzazi.

Tarehe 23 mwezi wa tatu 2010, Raisi Barack Obama alitia sahihi sheria iliyobadilisha hayo. Kumkataa mgonjwa kukakatazwa. Kumlipisha mwanamke zaidi kukakatazwa. Uzazi ukaingizwa katika matunzo ambayo bima hizo lazima zilipie. Kijana akaruhusiwa kubaki kwenye bima ya wazazi mpaka afikishe miaka 26. Medicaid ikafunguliwa kwa watu wazima maskini ambao zamani walikuwa nje. Watu karibu milioni 20 wakapata bima.

Sheria ilikuwa pia na upande mchungu. Asiyejiunga na bima yoyote alitozwa faini. Sisi wa mutuelle ya afya tunaelewa sababu: wagonjwa tu wakiingia na wazima wakikaa nje, sanduku linaisha upesi. Lakini watu wengi waliiona faini kama kulazimishwa. Tena, wale waliopata feza kidogo zaidi ya kiwango cha kusaidiwa waliona bei ya bima ikipanda mwaka kwa mwaka. Malalamiko yao yalikuwa ya kweli. Chama cha Warepublikani, ambacho hakikutoa kura hata moja kwa sheria hiyo siku ya kupitishwa, kikawaahidi watu kwa miaka saba: tupeni uongozi, tutaifuta.

Mwisho wa mwaka 2016 wakaupata uongozi wote: Raisi Donald Trump, Baraza la Wawakilishi, na Seneti.

Kuahidi na kufanya

Kufuta kulikuwa kugumu kuliko kuahidi. Mwezi wa tatu 2017 mkuu wa Baraza la Wawakilishi, Paul Ryan, alilazimika kuondoa muswada wake kabla ya kura, kwa kuwa watu wa chama chake wenyewe hawakusikilizana. Tarehe 4 mwezi wa tano waliupitisha kwa kura 217 dhidi ya 213, kisha wakaenda kushangilia kwa Raisi. Walipiga kura kabla wataalamu wa hesabu wa Bunge hawajamaliza kazi. Hesabu ilipotoka baada ya siku 20, ilisema kwamba kufikia mwaka 2026 watu milioni 23 zaidi wangekuwa bila bima.

Muswada ukaenda Seneti. Huko kila jimbo lina maseneta 2, jumla ni 100. Warepublikani walikuwa 52, upande wa Wademokrati 48. Kura zikilingana, makamu wa Raisi ndiye anaamua, naye Mike Pence alikuwa wao. Kwa hiyo waliweza kupoteza watu wao wawili na bado wakashinda. Wa tatu ndiye angewaangusha.

Wakati huo Seneti ilikuwa na wanawake 21, na watano kati yao walikuwa Warepublikani. Lakini kikundi kilichotajwa kwanza kuandaa sheria mpya ya matunzo kilikuwa na maseneta 13, wote wanaume. Wanaume 13 wakae chini kupanga mambo ya mimba na uzazi, bila hata mama mmoja mezani! Watu walisema sana, na chama kilijitetea kwamba kila seneta atasikilizwa.

Wamama mlangoni

Miezi ile watu hawakungoja nyumbani. Wabunge waliporudi katika maeneo yao kuongea na raia, walikuta vyumba vimejaa. Watu walisimama mmoja mmoja na kueleza ugonjwa wao, au wa mtoto wao, na kuuliza: sheria ikifutwa, mimi nitaenda wapi?

Tarehe 22 mwezi wa sita, watu wenye ulemavu, wengi wakiwa katika viti vya magurudumu, waliziba njia mbele ya ofisi ya kiongozi wa Seneti, Mitch McConnell. Polisi waliwaondoa na kuwakamata watu 43. Mwezi huohuo familia zenye watoto wagonjwa sana zilianza kupita ofisi kwa ofisi katika Seneti. Walikuwa watoto wanaotegemea mashine na mipira ya kupumulia. Familia hizo zikajiita Little Lobbyists, yaani wabembelezaji wadogo wa wabunge. Wazazi hawakuwa na vyeo. Walikuja na watoto wao na karatasi za hospitali, wakaomba dakika tano za kusikilizwa.

Naandika hili kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kwamba siasa ni ya wenye kuijua. Mama anayejua bei ya dawa ya mtoto wake kwa mwezi anajua jambo ambalo seneta hajui.

Usiku wa tarehe 28 mwezi wa saba

Tarehe 25 mwezi wa saba Seneti ilipiga kura kuanza mjadala: 50 kwa 50, Pence akaongeza yake. Wanawake wawili Warepublikani walikuwa wamekataa tangu siku hiyo ya kwanza: Susan Collins wa jimbo la Maine na Lisa Murkowski wa Alaska. Maine ni jimbo lenye wazee wengi. Alaska ni kubwa mno, yenye vijiji ambavyo barabara haifiki, na matibabu huko ni ghali sana. Kesho yake Raisi alimsema Murkowski hadharani kwa jina, na waziri mmoja akampigia simu. Hakubadilika.

Pendekezo la kwanza likashindwa, 43 kwa 57. La pili likashindwa, 45 kwa 55. Ndipo viongozi wakaleta la tatu, fupi, lililoondoa faini na vipande vingine vichache. Wataalamu wa hesabu walisema hata hilo fupi lingeacha watu milioni 16 zaidi bila bima. Na sikieni ajabu: mchana wa tarehe 27 baadhi ya maseneta walisema wazi kwamba pendekezo hilo ni baya, nao wangelipigia kura kama tu wangehakikishiwa kwamba halitakuwa sheria kamili jinsi lilivyo. Wapige kura ya ndiyo kwa kitu wasichokitaka, ili tu mambo yaendelee.

Kisha saa saba za usiku kuamkia tarehe 28, wote walikuwa ndani. Mazie Hirono, seneta Mdemokrati wa Hawaii, alikuwa anatibiwa saratani ya figo. Alisimama akawakumbusha wenzake namna walivyomwandikia barua za huruma alipougua, akawauliza huruma hiyo iko wapi usiku huu.

Seneta mwingine pia alikuwa mgonjwa. John McCain wa Arizona, Mrepublikani, mwanajeshi aliyefungwa zaidi ya miaka mitano katika vita ya Vietnam, alikuwa ameambiwa siku chache mbele kwamba ana saratani ya ubongo. Mwaka 2008 yeye ndiye aliyeshindwa na Obama katika uchaguzi wa Uraisi. Hakuwa rafiki wa sheria ya Obama. Lakini alikuwa amelalamika kwamba sheria ya matunzo haiandikwi kwa siri na chama kimoja, iwe chake au cha wengine. Pence alimbembeleza kwa muda mrefu. McCain akaenda mbele, akanyoosha mkono, akageuza kidole gumba chini. Watu wakashtuka. Chuck Schumer, kiongozi wa Wademokrati, akawapungia wake mkono wanyamaze wasishangilie.

Matokeo: 49 ndiyo, 51 hapana. Collins, Murkowski na McCain pamoja na wale 48. Magazeti mengi yalimsifu McCain peke yake. Lakini kama wanawake wale wawili wasingesimama tangu mwanzo, kidole chake kisingetosha.

Deni la kura

Asubuhi ndipo mambo ya siasa yalianza kweli. Trump aliwalaumu wazi Warepublikani watatu na Wademokrati 48. Siku hiyohiyo alitangaza mkuu mpya wa ofisi yake, ingawa kulikuwa na ugomvi mwingine pia. Mwezi wa nane aliendelea kumsema McConnell mbele ya watu wote. Chama kilichokuwa na kila kiti kikaonekana hakiwezi kutimiza ahadi yake kubwa. Collins aliporudi nyumbani Maine, watu katika uwanja wa ndege wa Bangor walimpigia makofi.

Mwezi wa tisa walijaribu tena kwa muswada mwingine. McCain akakataa, Collins akakataa, viongozi wakauondoa bila kura.

Hapo wakabadilisha njia. Mwezi wa kumi Trump alisimamisha malipo ambayo serikali ilizipa kampuni za bima ili kupunguzia maskini gharama. Mwezi wa kumi na mbili, ndani ya sheria ya kodi, Bunge liliifanya faini kuwa sifuri kuanzia mwaka 2019. Collins na Murkowski waliipigia kura sheria hiyo ya kodi. Tusiwafanye malaika.

Raia nao walikuwa na siku yao, mwezi wa kumi na moja 2018. Waliohojiwa wakitoka kupiga kura walitaja afya kuliko jambo lingine lote. Wademokrati wakanyakua viti 40 katika Baraza la Wawakilishi na kulichukua, na Baraza jipya likawa na wanawake zaidi ya 100, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Nancy Pelosi, aliyeongoza Baraza hilo wakati sheria ya Obama ilipopita, akarudi kuliongoza.

Kati ya waliochaguliwa alikuwamo Lauren Underwood wa jimbo la Illinois, muuguzi mwenye miaka 32, ambaye mwenyewe ana shida ya moyo. Mbunge wa eneo lake alikuwa amewaahidi raia kwamba angepigia kura tu muswada unaowalinda wagonjwa. Kisha aliupigia kura ule wa mwezi wa tano 2017. Underwood aliona ahadi imevunjwa, akaamua kugombea, akamshinda mbunge aliyekuwa katika muhula wake wa nne.

Lakini deni halikulipwa sawa kila mahali. Katika Nevada, seneta Dean Heller, aliyesema ndiyo usiku ule, alishindwa na mwanamke, Jacky Rosen. Katika Missouri, Claire McCaskill, aliyesema hapana, alishindwa pia, na Warepublikani wakaongeza viti katika Seneti. Kura nzuri haimhakikishii mtu kiti.

Raia wa majimbo mengine walitumia njia ya tatu: walijipigia kura wenyewe. Maine walifungua Medicaid kwa kura ya raia mwezi wa kumi na moja 2017. Gavana wao akakataa kuitekeleza. Wakangoja, wakachagua gavana mpya, Janet Mills, mwanamke wa kwanza kuongoza jimbo hilo, naye akatoa amri hiyo siku yake ya kwanza ya kazi, mwanzo wa 2019. Mwaka huohuo mamia ya watu kutoka Congo na Angola walifika Portland, mji mkubwa wa Maine. Idaho, Utah na Nebraska, majimbo yanayochagua Warepublikani, nayo yalisema ndiyo kwa Medicaid mwaka 2018. Mtu akishakuwa na kadi mkononi, au akiiona mkononi mwa jirani yake, si rahisi kumwambia aiachilie.

Jibu kwa mama yetu

Sasa narudi kwenye swali. Hapana mama, si Raisi peke yake. Ni kura zinazohesabiwa moja moja, na zinaweza kuhesabiwa tena.

Tarehe 1 mwezi wa saba 2025 Seneti ilipiga kura juu ya sheria nyingine kubwa, yenye kupunguza feza za Medicaid. Matokeo: 50 kwa 50, na makamu wa Raisi, J. D. Vance, akaipitisha. Collins alisema hapana. Murkowski, yule aliyesimama mwaka 2017, safari hii alisema ndiyo, akieleza kwamba uamuzi ulikuwa mgumu na kwamba alipata nafuu kwa ajili ya Alaska. Kura yake moja ingetosha kuizuia. Trump akaitia sahihi tarehe 4. Wataalamu wa hesabu wa Bunge wanakadiria kwamba kufikia 2034 watu karibu milioni 10 zaidi watakosa bima.

Ndani ya sheria hiyo kuna kipengele kinachomgusa binti yako. Kuanzia tarehe 1 mwezi wa kumi 2026, wakimbizi ambao hawana bado kadi ya ukaaji wa kudumu wanaondolewa katika orodha ya wanaopokelewa na Medicaid. Mwenye kadi hiyo ya ukaaji anabaki katika orodha. Kwa hiyo mwambie mambo matatu. La kwanza, mkimbizi akimaliza mwaka mmoja kule, anatakiwa kuomba kadi hiyo; asikawie. La pili, mtoto aliyezaliwa kule ni raia, kipengele hicho hakimgusi. Asiache kumpeleka kwa matibabu kwa woga. La tatu, aende kwa shirika lililowapokea akaulize jimbo lake linapanga nini, kwa maana majimbo hayafanani.

Na sisi hapa

Nchi yetu ina maandishi yake. Kifungu cha 47 cha Katiba kinahakikisha haki ya afya. Sheria ya mutuelle ilitoka tarehe 8 mwezi wa pili 2017, mwaka uleule wa kidole cha McCain. Mwaka 2023 serikali ilianza mpango wa uzazi bila malipo, kuanzia Kinshasa. Hata hivyo kila mama anayesoma hapa anamjua mwenzake aliyezuiliwa maternite na kichanga mikononi, mpaka familia ikusanye feza za kumtoa.

Wamarekani wale walijua jambo moja ambalo sisi mara nyingi hatulijui: mbunge wangu alipiga kura gani, siku gani. Underwood aliweza kugombea kwa sababu ahadi ilikuwa imesikiwa na kura ilikuwa imeandikwa. Sisi katika likelemba tunalo kaye, na hakuna mtu anayethubutu kusema ametoa wakati hakutoa, maana mwandishi atafungua ukurasa na kusoma jina lake. Mbunge akija kutusalimia wakati wa uchaguzi na vitenge na chumvi, tunacho cha kumsomea?

Napendekeza kila kikundi kifungue ukurasa mmoja nyuma ya kaye. Tuandike jina la mbunge wetu wa taifa na wa jimbo, alichoahidi juu ya maternite na dawa, na tarehe aliyoahidi. Akirudi, mwandishi asome kwa sauti. Kikundi chetu kimeanza Jumapili, na jina la kwanza limekwisha kuandikwa.